Kimya Si Usalama

Kuna msemo ambao familia ya mwanajeshi hufundishwa mapema: ukiona kimya, jua yuko salama. Wake wakongwe wa kambini huwaambia mabibi-arusi wapya, maafande huusema, hata mchungaji anapokuja kuombea nyumba huumalizia maombi. Nimeusikia miaka mingi na leo naukataa hadharani. Kimya si usalama. Wahenga walikuwa na akili kuliko waliotunga msemo huo, maana walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kuna nyumba nyingi nchini ambazo zimeusikia mshindo wenyewe.

Vikosi vyetu vilivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, katika Operesheni Linda Nchi, na mwaka uliofuata vikawa sehemu ya AMISOM. Watoto waliozaliwa mwezi ule sasa wanabalehe. Tangu hapo tumepeleka wanajeshi mashariki ya Congo, Novemba 2022 hadi Desemba 2023, na polisi wetu wakatua Haiti Juni 2024. Kila mara kuna gwaride, bendera inakabidhiwa, hotuba inatolewa. Mipango ya risasi ipo, ya chakula ipo, ya ndege ipo. Mpango wa nani atamwambia mama, huo ndio hujausikia ukitajwa kwenye gwaride.

Wacha nieleze kwa wale ambao hawana mtu kule. Soja akiwa karibu na mpaka, laini ya huku nyumbani inaweza kushika. Akiingia ndani zaidi anatafuta laini ya Hormuud, na nambari inayoanza na +252 ikitokea kwenye simu, mama huacha ugali motoni. Al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu mara nyingi pande zote mbili za mpaka. Mlingoti ukianguka, simu ni mteja, na hujui kama ni mtandao ulioanguka au ni mtu.

Kwa hiyo familia imejifunza kusoma dalili, kama mvuvi anavyosoma mawingu. Tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp ni wasiwasi. Tiki mbili ni afueni. Zikigeuka bluu bila jibu, angalau kuna mkono ulioshika simu. Nawajua wake waliojua mume yuko hai kwa sababu ujumbe wa M-Pesa umeingia, shilingi mia tano bila neno. Hela haikuwa hoja. Hoja ilikuwa kwamba jana saa mbili usiku kidole chake kilibonyeza nambari ya siri. Huo ndio mfumo wetu wa mawasiliano kati ya vita na nyumbani: M-Pesa na maombi.

Sasa tuseme kuhusu El Adde, maana hakuna atakayenielewa bila El Adde. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, kambi yetu ya El Adde katika eneo la Gedo ilishambuliwa. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilisema iliyoshambuliwa ni kambi jirani ya jeshi la Somalia. Muda si muda picha za miili zikaanza kuzunguka mitandaoni, zimetolewa na wauaji wenyewe. Serikali ikaonya watu wasizisambaze, na mwanahabari mmoja aliyeandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo akakamatwa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, akasema kwenye televisheni kwamba waliouawa walikaribia 200. Nairobi ikakana, lakini haikutoa nambari yake yenyewe. Mei ikafika, CNN ikatangaza hesabu iliyoifanya: si chini ya 141.

Hebu fikiria maana yake. Mjane wa Eldoret alisikia idadi kutoka Mogadishu, kisha kutoka Atlanta, kabla ya kuisikia kutoka Nairobi. Onyo la kutosambaza picha lilikuwa sahihi, na sitalibishia. Hakuna mama anayestahili kukutana na mwanawe hivyo. Lakini ukimnyima mtu habari kisha umwambie asitazame picha, unatarajia afanye nini usiku? Atatazama. Ataikuza picha kwa vidole viwili, akitafuta kovu analolijua.

Kakangu alikuwa Somalia mwezi huo, katika kambi nyingine. Sisi pale Moi's Bridge hatukujua ni kambi gani, kwa sababu hatukutakiwa kujua, na hilo nalikubali. Simu yake ilikuwa mteja siku tisa. Mama alikuwa na nambari ya ofisi moja aliyopewa zamani, akaipiga hadi kreditı ikaisha, akaongeza nyingine. Siku ya nne mtu akapokea. Alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Subirini, mama. Mtaitwa." Basi. Mama alikaa na neno hilo kama mtu aliyekalia kaa la moto. Mwezi ule, familia zilizokuwa zikiitwa zilikuwa zikiitwa kutoa sampuli za DNA. Huyo bwana ofisini pengine alidhani anamtuliza. Siku ya tisa M-Pesa iliingia. Hatukuwahi kuitwa, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hakuna aliyetupigia kutuambia kwamba hatutaitwa.

Najua jibu litakalokuja, maana limekuja kila mara: usalama wa taifa. Ati simu ni adui. Na kwa haki, simu inaweza kuua. Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa inaonyesha njia wanazokimbilia wanajeshi wa Marekani ndani ya kambi zao ng'ambo. Siku ya Mwaka Mpya 2023 jengo lililojaa wanajeshi wa Urusi kule Makiivka lilipigwa kwa makombora, na jeshi la Urusi lenyewe likalaumu matumizi ya simu za mkononi. Kwa hiyo sitaki kakangu anitumie picha akiwa kwenye handaki. Sitaki kujua jina la kambi, idadi yao, wala siku watakayosonga.

Nataka kujua mambo matatu tu. Yuko hai? Ameumia? Na nikitaka kuuliza, nimuulize nani? Niambie ni jibu gani kati ya hayo linalomsaidia adui. Adui anajua aliowaua. Anawapiga picha na kuzirusha mtandaoni. Asiyejua ni mama. Siri ambayo adui anayo na mama hana, hiyo inalindwa kwa ajili ya nani?

Wengine wenye vita wamelifikiria jambo hili. Waingereza walipokuwa Iraq na Afghanistan walikuwa na utaratibu unaoitwa Operation Minimise. Mwenzao akiuawa au akijeruhiwa vibaya, simu na intaneti za wanajeshi hufungwa kwa wote hadi jamaa zake waarifiwe. Huo nao ni ukimya, tena mkali. Lakini una kazi moja na una mwisho: kuhakikisha mke hapati habari kwenye Facebook kabla ya kubishiwa hodi. Siku za kawaida askari alikuwa na dakika zake za simu za kila wiki, zinazolipwa na serikali iliyompeleka. Kule Marekani maafisa wawili waliovaa sare huja mlangoni. Sisemi tuwaige kwa kila jambo, na vita vyao hivyo vina mengi ya kujibu. Nasema tu kwamba mtu anaweza kulinda siri za kambi na bado akamheshimu mama.

Na tusiambiwe kuhesabu ni kugumu. Katika miaka ya AMISOM, Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoa dola 1,028 kwa kila mwanajeshi kwa kila mwezi, hadi ulipopunguza kwa asilimia 20 mwaka 2016. Kwa kila mwanajeshi. Kwa kila mwezi. Fedha za namna hiyo hazidaiwi kwa kukadiria. Lazima mtu aketi na orodha, ahesabu vichwa, atie sahihi. Kwa hiyo hesabu ipo. Inapofika wakati wa kudai malipo vichwa huhesabika vizuri. Inapofika wakati wa kumwambia mama, kwani orodha huenda wapi?

Katiba nayo iko upande wetu. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 24(5) kinaorodhesha haki ambazo sheria inaweza kuzipunguza kwa wanajeshi na polisi: faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika na kuandamana, haki za kazi, haki za kiuchumi na kijamii, haki za aliyekamatwa. Haki ya kupata habari haimo katika orodha hiyo. Na hata ingekuwemo, orodha inawahusu walio kazini. Mama yangu hajawahi kula kiapo cha jeshi. Wakili wa serikali atasema haki hiyo pia ina mipaka, na atakuwa sawa, lakini mpaka lazima uwe na sababu inayoeleweka. "Subirini" si sababu.

Mtu anaweza kudhani tulijifunza baada ya 2016. Tazama Haiti. Machi 2025 msafara wa polisi wetu ulishambuliwa katika eneo la Artibonite na afisa mmoja akatoweka. Vyombo vya habari vya Haiti vikaripoti kwamba ameuawa, na video ikaenea mitandaoni. Huku nyumbani neno likabaki lilelile: ametoweka, anatafutwa. Ni Septemba, New York, rais alipomtaja miongoni mwa waliokufa. Miezi sita. Mbegu ya mahindi ingepandwa na kuvunwa katika muda huo. Tofauti ya saa kati ya Nairobi na Port-au-Prince ni saa 7 au 8. Hatuwezi kulaumu saa. Na polisi, najua, si jeshi, lakini mama wa polisi na mama wa soja wanalala kitanda kimoja cha miiba.

Kwa nini basi? Mimi nadhani ni mazoea ya kale sana, ya kumwona askari kama mzigo uliokwishapakiwa. Mtaa wa Kariokor jijini ulipata jina lake kutoka kwa Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa vita vya Waingereza na Wajerumani kuanzia 1914. Waliondoka vijijini wakiwa na majina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu za watu watatu wanaosimama kwa niaba ya wote hao, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Mkoloni hakuwa na haja ya kumwandikia mama wa mpagazi, kwa sababu machoni pake mpagazi hakuwa na mama. Hiyo naielewa, alikuwa mkoloni. Serikali tuliyoipigia kura sisi wenyewe inarithi tabia hiyo kwa nini?

Ninachodai si kikubwa. Kila anayepelekwa nje aandikishe jamaa wawili, na mke wa kimila ahesabiwe kuwa mke. Kuwe na nambari moja ya simu, ya bure, yenye mtu mchana na usiku, mwenye ruhusa ya kujibu yale maswali matatu. Kila askari apewe dakika zake za wiki, na pale ambapo hali hairuhusu, familia iambiwe kwamba hali hairuhusu. Kambi ikishambuliwa, jamaa za wote walio katika kambi hiyo wapate ujumbe siku hiyohiyo, hata kama unasema tu: tumeshambuliwa, tunahesabu, tutawapigia kesho saa nne. Kisha mpige kesho saa nne, hata kama hamna jipya. Na aliyekufa atangazwe kwanza mlangoni kwake, na watu waliovaa sare, wamevua kofia, kabla ya televisheni, kabla ya chifu, kabla ya hotuba ya ng'ambo.

Haya hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji mtu kuona aibu. Kifungu cha 240(8) kinasema Baraza la Usalama wa Taifa haliwezi kupeleka vikosi nje ya nchi bila idhini ya Bunge. Kwa hiyo mheshimiwa, wewe uliyekuja matangani kwetu na mkono wa rambirambi na wapiga picha, una kazi rahisi. Ombi lijalo likiletwa mbele yako, kabla hujasema ndiyo, uliza watampigia nani, baada ya saa ngapi, na nani atakayepiga. Wakikosa jibu, keti chini na usipige kura.