Dawa ya Presha na Sisi Tuiachao



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya maradhi ya shinikizo la damu, ambayo sote huyaita presha. Najua wako wenzangu watakaouliza karani ana haki gani kuingilia kazi ya madaktari. Siiingilii. Naandika juu ya yale tuyafanyayo sisi wenyewe tukiisha kutoka mlangoni pa daktari.

Katika masjala yetu alikuwako mzee mmoja, mkubwa wangu kazini, ndiye aliyenifundisha kupanga majalada. Alipimwa akaambiwa ana presha, akapewa vidonge, akavitumia miezi mitatu. Aliporudi akaambiwa damu yake imeshuka vizuri. Naye kwa furaha akavitia vidonge vilivyosalia katika mtoto wa meza, asivitazame tena. Nilipomwuliza alinijibu, "Mwanangu, nimepona. Mtu mzima anywe dawa ya nini?" Mwaka haukwisha. Asubuhi moja kalamu ikamwanguka, mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Yu hai, twamshukuru Mungu, lakini mkono ule ambao ofisi nzima iliusifu kwa mwandiko hauwezi sasa kufunga hata kifungo cha shati. Siku tulipokusanya vitu vyake tumpelekee nyumbani, nilivikuta vile vidonge.

Jibu lake limenikaa moyoni kwa kuwa si lake peke yake. Twadhani dawa zote ni kama dawa ya malaria, unameza siku tatu, homa inakwisha. Presha haiko hivyo. Kwa watu walio wengi haina sababu moja iwezayo kuondolewa. Dawa huishusha maadamu inatumiwa, na ikiachwa hupanda tena. Mtu avaaye miwani hasemi, "Sasa naona vizuri, macho yamepona," kisha akaitupa miwani yake.

Wengine huona heri wasianze kabisa, maana, wasema, ukianza dawa hizi huwezi kuziacha. Hoja hii naikataa. Kinachomfunga mtu ni maradhi, si kidonge. Asiyeanza amefungwa vile vile: moyo wake wazidishiwa kazi usiku na mchana, figo zaharibika kidogo kidogo, na mishipa ya macho na ya ubongo pia, naye hasikii maumivu yoyote. Ni kosa kungoja kichwa kiume ndipo tukapimwe. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1,280 wenye umri wa miaka 30 hata 79 walikuwa na presha, na karibu nusu yao hawakujua.

Walakini haki nayo isemwe. Si kila aliyepimwa mara moja ana presha. Mimi mwenyewe mwaka jana nilipanda ngazi mbio, kahawa ingali mdomoni, nikakalishwa juu ya benchi lisilo na egemeo, nikapimwa juu ya shati la mikono mirefu huku nikizungumza. Nikaambiwa 158 kwa 98, na dawa ikaandikwa papo hapo. Nilikasirika, na nadhani kwa haki. Yapasa mtu apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, pasipo maneno. Na nusu saa kabla yake asinywe kahawa wala asivute sigara. Apimwe mara mbili, kisha arudi siku nyingine. Ikiwa siku mbalimbali yaonekana 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. (Ikifika 180 kwa 110 mambo ni mengine, daktari hangoji siku nyingi.)

Basi nilirudi, nikapimwa kwa utaratibu huo siku tatu. Nikapata 146 kwa 92, na 150 kwa 94, na 144 kwa 92. Ninayo. Nina umri wa miaka 36, sina unene wala sijisikii kuumwa. Nimepunguza chumvi, maana yashauriwa isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo ndani ya mkate na samaki wa chumvi. Nameza kidonge kimoja kila siku. Cha kwanza kilinivimbisha miguu. Sikukiacha kimya kimya, nilimweleza daktari naye akanibadilishia. Nawasihi wanaume wenzangu wafanye hivyo hata katika lile jambo tunalolinong'ona baina yetu, kwamba dawa hizi huondoa nguvu. Baadhi yake zaweza kumdhuru mtu hivyo, na ziko nyingine za kubadilisha. Lakini daktari hawezi kutibu aliyofichwa.

Nina ombi kwa kamati ya chama chetu. Kwanza, kila tawi linunue chombo kimoja cha kupimia mkononi, kile cha kufunga juu ya kiwiko, kiwekwe mahali penye utulivu. La pili ni zito zaidi. Wenzetu wengi huruka siku za vidonge kwa kuwa zahanati hufunguliwa saa za kazi, na anayeomba ruhusa kila mwezi huitwa mvivu. Kamati iwaombe wakuu wa ofisi watoe saa mbili kwa mwezi kwa wenye kwenda kuchukua dawa, pasipo kuulizwa maradhi yao mbele za watu. Mkutano wa tawi letu ukiitishwa nitalitoa jambo hili mimi mwenyewe, na jina langu liandikwe.

Karani wa Masjala