Zahanati ya Kikosi Si Dawati la Kuandikia Rufaa

Hoja za wanaopinga kuziandaa zahanati ndogo za jeshi kwa ajili ya dharura zimetufikia hata sisi wa Kimali, mkoani Simiyu. Nimezifuatilia kwa makini na sikuona hata moja inayosimama. Naziweka mbele yenu, wasomaji, mzipime wenyewe.

Wanasema kazi ya zahanati ni malaria, vidonda na vidonge, na kwamba mgonjwa mahututi anapaswa kupelekwa hospitali ya rufaa. Ni kweli zahanati haipasui mtu, wala hakuna aliyedai ipasue. Lakini mtazameni kuruta aliyeanguka mbioni juani, mwili umepita nyuzi 40, anaropoka, hajui yuko wapi. Huyo hupozwa kwanza, ndipo asafirishwe. Anavuliwa magwanda, analazwa juu ya turubai, wenzake wananyanyua kingo, maji baridi yanamiminwa mpaka yamfunike kiwiliwili, na tabibu anapima joto lake hadi lishuke karibu nyuzi 39. Anayeagiza apakiwe kwenye gari kuelekea hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, atuambie nani atampoza njiani, na sisi wa Simiyu tunajua udongo wa mbuga unavyokamata magurudumu masika. Rufaa ni hatua ya pili. Wao wameifanya ya kwanza na ya mwisho.

Hoja nyingine ni kwamba askari ni vijana wenye afya, hivyo dharura kwao ni nadra. Vita ya Kagera iliisha mwaka 1979, na hadi leo kuruta anafundishwa kulenga shabaha. Jeshi zima limejengwa juu ya kujiandaa kwa jambo ambalo huenda lisitokee mwaka huu. Na afya njema haizuii mshipa wa paja uliokatika kumwaga damu. Madaktari wa jeshi la Marekani walichunguza vifo 4,596 vya askari wao vitani kati ya 2001 na 2011: takriban 87 kati ya kila 100 vilitokea kabla majeruhi hajafika kwenye kituo cha tiba. Karibu robo ya hao waliokufa kabla ya kufika kituoni wangeweza kuokolewa, na wengi mno kati yao waliuawa na damu iliyovuja. Halafu watu haohao wanaosema dharura ni chache wanasema pia zitawalemea watumishi wetu wachache. Zikiwa chache, haziwezi kuwalemea. Zikiwalemea, si chache. Wachague moja.

Wanalalamikia gharama, kana kwamba tumeomba chumba cha wagonjwa mahututi. Tunachoomba ni mikanda ya kubana damu, mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa, adrenalini, dripu, glukosi na mtungi wa oksijeni uliojaa. Sanduku la dharura likiwa limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mtunza stoo aliyeondoka jioni, fedha si tatizo hapo. Ni uzembe, na kuuondoa hakuhitaji bajeti.

Hoja inayoonekana nzito kuliko zote ni hii: watumishi walishafundishwa chuoni, na semina wamehudhuria. Sasa tazameni ushahidi wa hapahapa nyumbani. Matokeo ya mpango wa uzazi salama uliotekelezwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, ikiwemo Shinyanga na Mwanza, majirani zetu, yalichapishwa Februari 2025. Ulihusu takriban jozi 300,000 za mama na mtoto. Wakunga wale nao walikuwa wamesoma vyuoni. Kilichoongezwa ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, kwa kutumia mwanasesere, pamoja na kufuatilia takwimu zao wenyewe. Vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75, na vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Najua utafiti ule ulikuwa wa uzazi, si wa majeraha ya kambini. Hata hivyo kumpulizia hewa asiyepumua na kuzuia damu isivuje ni ujuzi wa mikono, na mikono isiyofanya mazoezi husahau. Cheti cha miaka kumi iliyopita hakiikumbushi.

Mwisho wanasema hayo ni ya jeshi, raia hayatuhusu. Mabomu ya Mbagala ya Aprili 29, 2009 na ya Gongo la Mboto ya Februari 16, 2011 yalilipuka kwenye maghala ya jeshi, yakaua na kujeruhi watu majumbani mwao. Hapo ni Dar es Salaam, penye hospitali kubwa. Kwenye kambi ya mbali, zahanati ya kikosi ndiyo ya kwanza kukimbiliwa na wanakijiji.

Ombi langu kwa makamanda: wiki hii, usiku, bila kutangaza, mlazeni mwanasesere kwenye zahanati zenu, mwambieni mtumishi wa zamu kwamba hapumui, na mpime muda unaopita kabla ya pumzi ya kwanza kuingia kifuani.