Rangi ya Mbwa Haina Hatia

Walimwengu wana desturi ya kuhukumu kwa macho kabla ya kuhukumu kwa akili. Chungu cheusi hudharauliwa, na wali mweupe hupikwa ndani yake. Ng'ombe mweusi hukamwa maziwa meupe, wala hapajatokea mtoto aliyeyakataa kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe. Lakini ajapo mbwa mweusi, busara hiyo hutoweka. Husemwa kuwa ni mkali, ni mkosi, ni kivuli cha shetani. Na mwenye huruma kidogo husema kuwa hana ubaya, ila hapendezi. Nimekusudia kumtetea mnyama huyu. Sitamtetea kwa machozi, maana machozi si ushahidi. Nitamtetea kwa mambo yaliyotukia, na kwa mambo yanayoweza kuonekana na kila mwenye macho.

Tuanze na asili ya shutuma. Uingereza ni nchi isifikayo kwa kupenda mbwa, lakini huko huko mbwa mweusi amebebeshwa mizigo mizito. Tarehe 4 Agosti 1577 dhoruba kali iliupiga mji wa Bungay, mashariki ya nchi ile, watu wakiwa kanisani, na baadhi yao wakafa. Kijitabu kilichopigwa chapa baada ya msiba kilisimulia kwamba mbwa mweusi wa kutisha alipita katikati ya waumini akawaua. Msomaji wa leo anajua radi inavyofanya ipigapo mnara mrefu. Lakini radi haina shingo ya kufungwa kamba, na mbwa anayo. Ndiyo sababu hatia iliangukia shingoni pake. Katika karne ya 18 Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri, aliiita huzuni iliyomwelemea kwa jina la mbwa mweusi, na katika karne ya 20 Winston Churchill alilitumia jina lilo hilo. Basi mnyama aliyelala mlangoni kwa amani alifanywa radi, akafanywa na majonzi, bila ya kuulizwa.

Wako watakaotaja kitabu cha Arthur Conan Doyle, *The Hound of the Baskervilles*, kilichotolewa kwa sehemu katika jarida mwaka 1901 na 1902. Nawasihi wakisome mpaka mwisho. Mbwa mkubwa mweusi aliyewatisha watu katika hadithi ile alinunuliwa na mtu, akafungwa mnyororo kwenye kinamasi na mtu, akapakwa fosforasi na mtu ili ang'ae usiku. Aliyetamani mali ya urithi hakuwa mbwa. Mwandishi mwenyewe aliiweka hatia mahali pake; wasomaji wakasahau mhalifu, wakakumbuka rangi ya mnyama.

Tena tazama jinsi hukumu ya rangi isivyokuwa na msimamo. Mbwa wa jamii ya Labrador, ambao asili yao ni kisiwa cha Newfoundland, walipata sifa Uingereza kwa kuokota ndege waliopigwa na wawindaji. Wakati ule waliothaminiwa walikuwa weusi. Watoto wa rangi ya manjano walipozaliwa, wafugaji wengi waliwaona kuwa ni kasoro, na wengi wao hawakuachwa waishi. Mbwa wa manjano wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu, aliyeitwa Ben of Hyde, alizaliwa mwaka 1899. Leo mbwa wa manjano hupambwa katika matangazo na kalenda. Mama mmoja wa Labrador aweza kuzaa kwa siku moja mtoto mweusi, wa manjano na wa kahawia, wote wakanyonya titi moja. Basi ni nani aliyebadilika katika miaka mia na ushei: mbwa, au mwenye kumtazama?

Kosa la pili ni la kamera, au, kwa kusema kweli, ni la mshika kamera. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya kijivu cha wastani. Mbwa mweusi akiijaza picha, kamera hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, na mbwa akatoka kijivu kama jivu la jana. Akisimama mbali juu ya mchanga uwakao jua, kamera hupunguza mwanga, na mbwa akatoka kama shimo lenye miguu minne. Macho hayaonekani, uso hauonekani, upole hauonekani. Kisha picha hiyo hubandikwa ili watu wamchague mbwa wa kuchukua, nao huipita. Hawakumkataa mbwa, hawakumwona.

Kosa hili lina dawa, na dawa yake haina gharama. Mpige picha asubuhi au jioni, au kivulini karibu na mahali penye mwanga, usimpige jua la utosini. Mwanga utoke ubavuni ili manyoya yang'ae na umbo lijulikane. Inama mpaka macho yako yawe sawa na yake. Usitumie mwako wa kamera, kwa kuwa nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha nuru, na mnyama mpole atatoka na macho ya jini. Ikiwa unatumia simu, gusa uso wa mbwa kwenye kioo, kisha ongeza au punguza mwanga polepole mpaka manyoya yaonekane na weusi ubaki kuwa weusi. Mpiga picha wa Marekani, Fred Levy, alifanya lililo gumu zaidi: aliwapiga mbwa weusi mbele ya pazia jeusi, na mwaka 2015 picha hizo zikatoka katika kitabu. Weusi juu ya weusi, na kila mbwa ana sura yake! Aliyesema kwamba mbwa mweusi hapigiki picha alikuwa akisimulia uvivu wake.

Jambo hili si geni kwetu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, maabara za picha za Marekani zilipima rangi za filamu kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikatoka picha zikiwa zimepotea gizani. Waliopata kufanya kazi katika kampuni ya Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosaidia kuleta mabadiliko yalikuwa ya wauza chokoleti na watengenezaji wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane. Sifananishi mtu na mbwa. Nafananisha kosa na kosa. Chombo kilichotengenezwa bila ya kumfikiria mweusi humtoa vibaya, kisha mtazamaji humlaumu mweusi kwa ubaya wa picha. Anayelijua dhuluma hilo kwa uso wake asiwe mwepesi wa kulitenda kwa kiumbe kingine.

Sasa nitakutana na mpinzani wangu aliye na hoja bora kuliko za ushirikina. Atasema: "Taabu hii imetiwa chumvi. Mwaka 2015 ulitolewa uchunguzi wa makao mawili ya mbwa huko Marekani, ukaonyesha kwamba weusi hawakuachwa nyuma ya wengine. Jamii ya mbwa na umri wake vilikuwa na uzito zaidi." Ni kweli, wala sitaificha kweli kwa kuwa hainipendezi. Mtetezi anayeficha ushahidi amekwisha kushindwa. Lakini hesabu hiyo yasema nini? Yasema kwamba watu wakifika, wakamwona mbwa mwenyewe, wakamshika, wakacheza naye, rangi hupungua nguvu. Basi hiyo ni hoja yangu, si hoja ya mpinzani. Chuki ya rangi huishi katika uvumi na katika picha mbaya. Hufifia katika ujirani. Tena hesabu ya makao mawili ya Marekani haimtoi hatiani mtu wa kijiji chetu amrushiaye jiwe mbwa mweusi kwa sababu amekatiza njia yake alfajiri.

Yuko mpinzani mwingine, naye hujiita rafiki. Husema: "Mimi nampenda mbwa mweusi, maana usiku haonekani, na mwizi humwogopa." Kisha humfunga mnyororo mfupi mchana kutwa ili awe mkali. Huu si upendo. Ni ushirikina ule ule uliogeuzwa kuwa faida. Ukali wa mbwa hutokana na malezi, hofu, maumivu na asili ya uzao wake. Haukukaa katika melanini, ambayo ni rangi tu ya unywele. Mwizi akimwogopa mbwa kwa weusi wake, hilo ni kosa la mwizi. Mwenye mbwa hana haja ya kulifanya kuwa elimu.

Sisemi kwamba rangi haina neno lolote. Manyoya meusi hunywa joto la jua kuliko meupe, kwa hiyo mbwa mweusi ahitaji kivuli na maji, hasa katika nchi za joto kama Pwani au Turkana. Gizani dereva hamwoni upesi, kwa hiyo ni vyema avishwe ukosi wenye kung'aa. Haya ni mambo ya kumtunza, si sababu za kumkataa. Mtoto mwenye macho dhaifu hupewa miwani, hafukuzwi shuleni.

Wala siwaombi vijana wamchukue mbwa mweusi kwa sababu ni mweusi. Huruma inayochagua kwa rangi ni dada wa chuki inayochagua kwa rangi. Nairobi kuna chama cha KSPCA kinachopokea mbwa waliotupwa na kuwatafutia watu wa kuwalea. Aendaye mahali kama hapo na aulize: Mbwa huyu ana umri gani? Tabia yake ni ipi kwa watoto, na kwa paka na kuku? Atakuwa mkubwa kiasi gani, nami nina uwanja na chakula cha kumtosha? Amechanjwa? Swali hili la mwisho ni zito. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kutokomeza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa angalau 70 katika kila 100. Kichaa cha mbwa hakichagui manyoya. Mweupe asiyechanjwa ni hatari. Mweusi aliyechanjwa ni jirani mwema. Aogopaye rangi akasahau chanjo amefunga dirisha, akaacha mlango wazi.

Fikiri, msomaji, juu ya watoto sita wa mbwa ndani ya boksi. Watano wana mabaka, wamechukuliwa mmoja mmoja. Wa sita ni mweusi tititi. Jioni imeingia, na mwenye boksi anataka kurudi kwake. Yatakayompata mtoto yule usiku huo hayatokani na jambo lolote alilotenda, kwa maana hajatenda jambo bado. Macho yake hayana siku nyingi tangu yafumbuke. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, haikutenga rangi ilipokataza mnyama kuteswa. Itakuwa aibu ikiwa sheria iliyoandikwa kwa wino mweusi itakuwa na insafu kuliko moyo wa msomaji wake.

Lisemwalo lipo, walinena wahenga. Naam, lipo: limo kinywani mwa msemaji. Kwa mbwa kuna mkia unaotikisika, pua yenye unyevu, na macho mawili yanayongoja kuona kama wewe nawe utapita.