Acheni Hii Tabia ya "Ongeza Tatu"

Kuna sentensi moja imenichosha. Unaingia kazi mpya, unafunguliwa dashibodi ya kufuatilia seva, unaona kitu kimeanguka saa 19:05 na saa ya ukutani inasoma 22:05. Unauliza. Unajibiwa na mtu ambaye hata hajageuza kichwa: "Hiyo? Ongeza tatu tu." Ati hayo ndiyo mafunzo.

Mimi nasema ongeza tatu ni uvivu, na bili ya huo uvivu hulipwa na mtu mdogo ofisini. Bosi halipi. Yule jamaa aliyeweka mitambo halafu akahamia Nairobi halipi. Analipa kijana wa zamu ya usiku.

Tuelewane hapa kabla hamjaanza kunirushia mawe. Seva nyingi mnazokodi huko nje huja zikiwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na Kenya iko mbele yake masaa matatu. Hakuna ubaya. Ubaya ni kumwekea mtu hiyo saa kwa skrini bila kumwambia ni saa ya wapi. 22:40 bila jina la ukanda ni kama kuambiwa "tupatane steji" ndani ya Nakuru. Steji gani? Ya Njoro ama ya Pipeline?

Kuna rafiki yangu alikuwa anafanya zamu ya kuanzia saa kumi jioni hadi saa sita usiku kwa kampuni fulani hapa mjini, jina nitaliacha. Usiku mmoja mtu akazima seva ya wateja vibaya, data ikapotea. Logi ikasema 22:40. Nani alikuwa zamu 22:40? Yeye. Akapewa barua ya kujieleza, akatolewa kwa ratiba, wiki mbili bila mshahara. Lakini logi ilikuwa kwa UTC, maana yake tukio lilikuwa saa saba na dakika arobaini usiku, na huyo msee alikuwa kitandani. Unajua kilichomwokoa? Ile meseji ya M-Pesa ya kumlipa mtu wa boda, 12:20 AM, imekaa tu kwa simu. Nauli ya boda ikawa ushahidi bora kuliko mfumo mzima wa kufuatilia seva. Walimrudisha. Barua haijawahi kutolewa kwa faili yake, na hakuna aliyemwambia pole.

Sasa mkiniambia "si angeongeza tatu", nitawauliza: nani alipaswa kuongeza? Yeye, ama yule aliyeandika barua?

Na sisi Wakenya tuna shida ya ziada ambayo watu wa huko nje hawana. Tunatembea na saa tatu kichwani. Kuna UTC ya seva, kuna saa ya simu, halafu kuna saa ya Kiswahili tuliyofunzwa nyumbani, ile ya jua kuchomoza ikikaribia saa moja. Mtu anaandika kwa grupu ya WhatsApp ya kazi: "seva ilikufa saa 4." Saa nne ya mama yangu, yaani 10? Ama 04:00, ambayo ni saa kumi alfajiri? Na kama ni 04:00, aliisoma wapi, kwa simu ama kwa logi? Kama ni kwa logi basi kwetu ilikuwa saba asubuhi, samahani, saa moja. Unaona? Hata mimi nikiandika hii naenda polepole.

Kosa tamu kuliko yote ni la masaa sita. Hutokea hivi: seva imewekwa tayari kwa saa za Nairobi, halafu mwingine akaandika kodi ya kuongeza tatu, na dashibodi nayo, ikidhani imepewa UTC, inaongeza tatu zake. Tukio la 3:00 mchana linaonyeshwa 9:00. Na 3:00 mchana kwa Kiswahili ni saa tisa! Kosa linavaa nguo ya ukweli, watu wanapita hapo miezi mingi wakiona iko sawa.

Kwa hivyo jifunzeni kusoma tofauti yenyewe. Ikiwa ni dakika saba, au sekunde arobaini, saa ya mashine imeteleza, angalia kama inasawazishwa na seva za NTP. Ikiwa ni masaa matatu kamili, usiguse saa. Narudia, usiguse saa. Saa iko sawa, ukanda ndio umekosewa. Kuna watu hapa husukuma saa ya seva mbele kwa mkono ndio "ifanane na Kenya", halafu kesho wanashangaa mbona zile namba za siri za kubadilika kila sekunde thelathini zinakataa kuwaingiza ndani. Hizo namba hukokotolewa kutokana na saa, bana. Ukidanganya saa, unajifungia nje.

Na ukipata tukio la Januari 1970, usiite mchawi. Kompyuta huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970, na ruta ndogo nyingi hazina betri ya kushika saa, kwa hivyo stima ikipotea zinaamka zikidhani ndiyo tarehe hiyo mpaka zipate intaneti. Kwa hawa wanaouza WiFi ya mtaa kwa saa, hii si utani. Mtoto wa chuo amenunua kifurushi cha saa moja, stima imeenda na kurudi, ruta haijui ni mwaka gani, na yeye ndiye anaambiwa data yake imeisha.

Dawa nayo si ngumu, ndiyo maana nina hasira. Andika timedatectl kwa Linux uone saa na ukanda. Hifadhi kila kitu kwa UTC, onyesha watu kwa Africa/Nairobi, na kila muhuri wa saa ubebe ukanda wake, ile +03:00 mwishoni, au Z kama ni UTC. Kontena za Docker ziangalie kivyake, kwa kawaida hukaa kwa UTC hata kama mashine iliyozibeba iko kwa saa ya Nairobi. Grafana kwa kawaida hufuata saa ya kivinjari chako, Prometheus ndani hufanya kazi kwa UTC pekee. Ndiyo maana grafu inasema saa moja na arifa inasema nyingine, na hakuna aliyekosea.

Pesa nayo ni stori yake. Majibu ya Daraja ya malipo ya M-Pesa huja na tarehe ya tarakimu 14, kitu kama 20240314014000, hakuna ukanda hapo. Ni saa ya Kenya. Seva yako ikiisoma kama UTC, mteja amelipa masaa matatu kutoka sasa, kutoka siku zijazo. Na kwa UTC siku huisha saa tisa usiku yetu. Mauzo ya Jumamosi usiku wa manane yanaingia bado kwa Jumamosi ya ripoti, daftari la keshia linasema Jumapili, hesabu hazikutani, na macho yote yanamgeukia keshia.

Najua kuna wale wa "UTC ni saa ya mkoloni, tutumie yetu." Yetu ipi? Kabla ya kutulia kwa +3, hii nchi imewahi kuwekwa kwa masaa mawili na nusu, na mawili na dakika arobaini na tano, na hao hao wakoloni. Namba tatu haikuteremka kutoka Menengai. Na haijawekwa milele: Sudan Kusini ilikuwa +3 kama sisi, tarehe 1 Februari 2021 ikahamia +2. Lori linalolala Salgaa leo likiwa njiani kwenda Juba au Kigali litaingia kwa ukanda mwingine, na kama mtu aliandika "+3" ndani ya kodi ya kifaa cha kufuatilia, dereva ataonekana amefika saa moja baadaye kuliko alivyofika. Atakatwa pesa. Ungeandika Africa/Juba, mashine ingejua yenyewe.

Mwaka 2024 Microsoft na G42 walitangaza kituo kikubwa cha data kule Olkaria, ndani ya kaunti yetu, cha kutumia mvuke wa ardhini. Hicho kikija, au kingine chochote, zamu za usiku zitaombwa na nyinyi mnaosoma hii. Ukifika kwa intavyuu wakikuuliza kama una swali, uliza logi zao huonyesha ukanda gani. Wakianza kuangaliana, au mmoja akicheka na kusema utaongeza tatu, kunywa maji yao, sema asante, na uitishe kila makabidhiano ya zamu yaandikwe na kusainiwa.