Usimwogopeshe Mtoto kwa Sindano

Je, umesema hivi nyumbani mwako: "Nyamaza, ama munganga atakupiga sindano"? Wazazi wengi wanasema hivyo. Maneno hayo yanamnyamazisha mtoto leo, lakini yanapanda hofu moyoni mwake. Siku ya chanjo ikifika, analia tangu mlangoni, kabla hajaguswa. Mwili wake unakaza, na maumivu yanazidi.

Wengine wanasema: "Mwache alie, ni maumivu ya kitambo tu." Mimi sikubali. Mama aliyeona mtoto wake akiteseka anaona uzito kumrudisha. Na chanjo si ya siku moja. Kwetu Kongo mtoto anakuja akiwa na majuma 6, 10 na 14, tena akiwa na miezi 9 kwa ajili ya surua. Asiporudi, surua haitamhurumia. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hata Januari 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu, na wengi walikuwa watoto wadogo.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tusimdanganye mtoto na kusema, "Haitauma." Atajua kwamba tulisema uongo, na siku nyingine hatatusadiki. Tumwambie: "Itauma kidogo, kisha itakwisha, na mimi nitakuwa karibu nawe."

Pili, tuvute mawazo yake kwa jambo lingine. Mtoto anayefuata wimbo au hadithi hana nafasi kubwa ya kufuata sindano. Maumivu hayaondoki yote, lakini yanapungua. Katika mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri njia hii kwa watoto wasiotimiza miaka 6. Lilishauri pia kwamba mzazi akae pamoja na mtoto, na kwamba mtoto asilazwe chali.

Fanya hivi:

1. Mpakate mtoto, aketi wima. Shika mkono na mguu wake vema, lakini usimbane.

2. Anayenyonya, mpe ziwa muda kidogo kabla ya sindano, au wakati anapochomwa.

3. Aliye mkubwa kidogo, imba naye, mwulize habari za mbuzi wenu, ama mpe unyoya wa kuku aupulize. Anza kabla sindano haijaonekana, wala usiache mpaka imetoka.

Baba mmoja atasema: "Hiyo ni michezo. Mtoto ajifunze kuvumilia." Lakini mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na watu watatu hajifunzi uvumilivu, anajifunza kuogopa hospitali. Na mtu anayeogopa hospitali anakawia kuja hata akiwa mgonjwa sana.

Njia hii haitaki dawa wala franka. Sisi waunganga tunapaswa kukungojea kidogo unapomtayarisha mtoto. Nawe, kabla ya kutoka nyumbani, chagua pamoja naye wimbo mtakaoimba.