Kaya Moja au Mbili?

Mwaka 2022 dada yangu aishiye Marekani alinipigia simu usiku, akaniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wa isimu aliyewahi kuniuliza. "Kaka," alisema, "wewe ndiwe msomi wa maneno. Mimi na shangazi ni kaya moja au mbili?"

Lilikuwa swali la pesa. Serikali ya huko ilikuwa ikizisaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia intaneti, kwa kiasi cha hadi dola 30 kwa mwezi. Waliostahiki ni wale ambao mapato yao hayakuzidi maradufu ya kiwango rasmi cha umaskini, au ambao tayari walikuwa wakipata msaada mwingine, kama vile wa chakula au wa matibabu. Hata hivyo, kila kaya ilipewa fungu moja tu. Dada na shangazi waliishi chini ya paa moja, lakini kila mmoja alikuwa na mshahara wake na matumizi yake. Kwa mujibu wa masharti, kaya ni watu waishio pamoja na kushirikiana mapato na gharama. Basi wao walikuwa kaya mbili. Dada, aliyehesabu udugu badala ya mfuko, nusura amkoseshe shangazi haki yake.

Mpango huo ulikoma Juni 2024 fedha zilipokwisha, baada ya kuandikisha kaya zaidi ya milioni 23. Swali la dada, hata hivyo, halijakoma, nami naliona likija kwetu.

Hapa Kenya tunao Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao umejishughulisha zaidi na kufikisha mawasiliano vijijini na intaneti shuleni. Ni kazi njema. Lakini mnara ukishasimama, nani atamlipia mjane gharama ya kuutumia, ilhali huduma nyingi za serikali sasa huombwa kwa mtandao? Siku moja tutalazimika kuwasaidia raia kulipa. Siku hiyo tutamwita nani kaya?

Katika sensa zetu, kaya ni watu wa boma moja wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Kipimo hicho chafaa kuhesabia watu. Je, chafaa kugawia ruzuku? Ninaye mwanafunzi ambaye hukesha kwenye ngazi za idara yetu ili apate intaneti ya chuo. Kodi ya chumba chake hulipwa na mamake aliye Kitui. Hawapiki chungu kimoja, lakini mfuko wao ni mmoja. Kwa kipimo cha chungu, kijana huyu ni kaya ya mtu mmoja. Kwa kipimo cha mfuko, yumo katika kaya ya mamake. Karani asiyeelekezwa atamtupa nje ya zote mbili.

Kwa hivyo natoa rai. Fasili ya kaya na iandikwe mapema, kwa Kiswahili ambacho mama wa Kitui atakielewa bila mkalimani. Wanaopokea fedha za Inua Jamii wakubaliwe bila kudaiwa ushahidi mwingine wa umaskini. Na fomu ya karatasi ipatikane kwa chifu, kwani kumtaka asiye na intaneti aiombe kupitia intaneti ni kejeli.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni neno moja tu.