KATIBA NA MTENDAJI ASIYETAJWA



Neno "katiba" lina wenziwe lisioachana nao: imetungwa, imetolewa, imerekebishwa, imevunjwa. Twayasikia maneno haya Darajani na mabarazani, kisha twapita zetu. Lakini aliyekaa chuoni akasoma nahau atakumbuka kuwa vitendo vya namna hii walimu wetu waliviita majhuli, yaani mtendaji wake hakutajwa. Basi na tuulize: nani?

Katiba ya 1963 ilizungumzwa Lancaster House, London, tukapokea uhuru nayo tarehe 10 Disemba. Ilidumu mwezi na siku mbili, Mapinduzi yakaiondoa. Ikapita miaka 15 nchi ikitawaliwa kwa amri, hata ikaja Katiba ya 1979, kisha hii ya 1984. Katika zote hizo hapana hata moja iliyopigiwa kura na wananchi.

Mara moja tu mtendaji alitajwa. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa, na 66.4 kwa mia wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hapo haikusemwa "imeridhiwa" tu. Ilisemwa "wananchi wameridhia".

Lakini tazameni yaliyofuata. Katiba Inayopendekezwa ya Muungano, ya 2014, iliwekewa kura ya maoni tarehe 30 Aprili 2015. Kura "ikaahirishwa", na siku yake haijafika hata leo. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo huo, uchaguzi wetu "ukafutwa". Safari hii mtendaji alijulikana, naye ni Mwenyekiti wa Tume. Kilichokuwa majhuli ni kifungu! Ni kifungu gani cha Katiba kinachompa mtu mmoja uwezo wa kufuta kura za nchi nzima? Twauliza mpaka sasa, wala hatujaonyeshwa.

Sisi wenye maduka tukikopesha kibaba cha mchele huandika daftarini: nani kachukua, kiasi gani, siku gani. Na Suratul Baqara imeamrisha deni liandikwe, na mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Ikiwa deni la mchele lahitaji hayo, vipi amana ya nchi?

Basi, ndugu, kila atakayesimama jukwaani akatwambia "katiba itarekebishwa", aulizwe mambo mawili: Na nani? Kwa kifungu gani? Asiyeweza kujibu hana ruhusa ya kuigusa.